Mwizi Aliyekuja kwa Posta: Historia Fupi ya Virusi vya Kompyuta kwa Familia Zetu

SEHEMU YA 1: Nesi na kompyuta wapi na wapi?

Hapa tumezoea kuongelea chanjo, homa za watoto na uji wa lishe. Safari hii nabadilisha mada kidogo, na sababu mmenipa nyie wenyewe. Meseji zenu nyingi siku hizi zinauliza jambo moja: "Nesi, nimetumiwa hii, ni ya kweli?" Mmoja katumiwa kiungo cha ajira. Mwingine kaambiwa ameshinda zawadi. Mwingine kapigiwa simu akaambiwa mtoto wake ameanguka shuleni, yuko hospitali, atume pesa haraka.

Ningeweza kuwapa orodha ya "fanya hiki, usifanye kile" nikaishia hapo. Lakini orodha inasahaulika. Wezi nao wanabadilisha maneno kila wiki, orodha ya mwezi uliopita mwezi huu haifai tena. Nimeona heri niwape historia. Mtu akijua ugonjwa ulianzaje na ulisambaaje, hata ukija na dalili mpya hautampita.

Kitu kimoja kwanza. Wodini, kidonda cha mgonjwa kikipata maambukizi, hatuanzi kwa kuuliza nani mjinga. Tunauliza: vijidudu viliingilia wapi? Ni kwenye kanula? Kwenye mpira wa mkojo? Au ni mikono yetu wenyewe? Ukishajua njia, unaiziba. Swali hilo hilo ndilo nitakalouliza kwenye kila kisa hapa: huyu mwizi aliingilia wapi? Na naomba kwenye komenti tusichekane. Nitaeleza mbele kwa nini.

Twende.

SEHEMU YA 2: Disketi ya UKIMWI, 1989

Mwaka 1989 familia nyingi duniani hazikuwa hata na kompyuta. Intaneti tunayoijua leo haikuwepo majumbani. Taarifa za kompyuta zilibebwa kwenye disketi, kile kisahani chepesi cha plastiki ambacho wadogo zetu leo wanakijua kama ile alama ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta.

Mwezi Desemba mwaka huo, watu karibu 20,000 katika nchi mbalimbali walipokea bahasha kwa posta. Ndani yake kulikuwa na disketi iliyoandikwa kwamba ina taarifa kuhusu UKIMWI. Wapokeaji walikuwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza, pamoja na watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Maana yake ni madaktari, watafiti, watu wa afya wenzangu.

Ukumbuke UKIMWI mwaka 1989 ulikuwa nini. ARV za kumfanya mtu aishi miaka mingi kama leo hazikuwepo. Kila mtu alikuwa na hofu na alitamani kujua zaidi. Ukaiweka disketi kwenye kompyuta, ikakuuliza maswali kuhusu maisha yako, kisha ikakwambia hatari yako ya kuambukizwa ni kubwa au ndogo. Programu ilifanya kazi kweli, mtu akaridhika, akaendelea na shughuli zake.

Kumbe ndani yake kulikuwa na kitu kingine kimelala, kinahesabu. Kompyuta ikishawashwa mara 90 hivi, kikaamka. Kikaficha mafaili na kuvuruga majina yake, mtu asiweze kuyafungua. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo: lipia matumizi ya programu, Dola 189, utume kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Wataalamu wanaihesabu hiyo kuwa programu ya kwanza ya kuteka kompyuta na kudai fidia. Chambo chake kilikuwa ugonjwa.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba kwenye bahasha kulikuwa na karatasi ya masharti. Kwa maandishi madogo, ilisema wazi kwamba usipolipa, programu zako zitapata madhara. Onyo lilikuwemo! Nani alisoma? Wewe mara ya mwisho umesoma lini yale maandishi marefu kabla ya kubonyeza "Nakubali"?

Aliyeshtakiwa alikuwa Dkt. Joseph Popp, Mmarekani, msomi wa biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, aliyewahi kutafiti nyani huku kwetu Afrika Mashariki. Alianza kutiliwa shaka kwenye uwanja wa ndege wa Amsterdam akiwa njiani kutoka Nairobi, kwa sababu ya tabia zake zisizo za kawaida. Alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 jaji akaona hali yake ya akili haimruhusu kusimama mahakamani. Yeye alidai pesa zilikuwa za utafiti wa UKIMWI.

Dawa ilipatikana. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua disketi ile na kutengeneza programu za kusafisha kompyuta, akazitoa bure. Shida ni kwamba kuna waliokwishaingiwa na hofu na kufuta kila kitu kwenye kompyuta zao kabla dawa haijawafikia. Hilo tulibebe: hofu nayo inaharibu, wakati mwingine kuliko kirusi chenyewe.

Sasa, mwizi aliingilia wapi? Hakuvunja chochote. Alibisha hodi akiwa amevaa koti jeupe, na watu wakamfungulia.

SEHEMU YA 3: Barua ya mapenzi, 2000

Miaka kumi na moja baadaye kompyuta zilishaingia maofisini na katika nyumba nyingi za nchi tajiri. Huku kwetu ndiyo enzi za intaneti kafe, unalipia saa, unafungua barua pepe moja nusu saa. Mnakumbuka?

Tarehe 4 Mei 2000, watu wakaanza kupokea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ndani kuna barua ya mapenzi iliyoambatishwa. Na mtumaji hakuwa mgeni. Alikuwa bosi wako, au shoga yako, au yule kaka wa ofisi ya pili. Nani angeacha kufungua?

Ukifungua, kirusi kilifanya mambo mawili makubwa. Kwanza kilijituma chenyewe kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yako ya anwani, kwa jina lako. Ndiyo maana kila aliyepokea alimwamini mtumaji. Pili kiliharibu mafaili, zikiwemo picha, kwa kuandika juu yake mpaka picha yenyewe ikapotea. Fikiria picha za mtoto wako tangu kuzaliwa, zimefutika ndani ya dakika.

Kulikuwa na ujanja mwingine mdogo. Jina la ile barua lilionekana kama la maandishi ya kawaida. Herufi za mwisho, ambazo zingekuonyesha kwamba hii ni programu, kompyuta nyingi zilikuwa zimepangwa na watengenezaji wake zisizionyeshe. Mtumiaji alifichwa kitu alichohitaji kukiona. Kwa hiyo wanaosema "watu walikuwa wajinga" wanasahau kwamba onyo lilikuwa limefunikwa kitambaa.

Ndani ya muda mfupi kirusi kikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Bunge la Uingereza likalazimika kuzima barua pepe zake kwa muda.

Kilitokea Ufilipino. Kijana Onel de Guzman, aliyekuwa mwanafunzi wa kompyuta, ndiye aliyetajwa, na miaka ishirini baadaye alikiri kwa mwandishi wa habari kwamba ni yeye. Kisa chake kinasikitisha kidogo. Mwanzoni alitaka kuiba nywila za intaneti za watu wengine, kwa sababu intaneti ilikuwa ghali na yeye hakuwa na pesa ya kulipia. Hakufungwa, maana wakati huo Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa kama hilo. Sheria ilitungwa baadaye mwaka huo huo, na mtu hashtakiwi kwa sheria iliyokuja nyuma ya kosa.

Mwizi aliingilia wapi? Kwenye uaminifu wetu kwa watu tunaowajua. Hapa ndipo palipoisha ile kinga ya "usifungue kitu cha mtu usiyemjua". Tangu mwaka 2000 hata cha unayemjua kinahitaji swali. Leo ukiona akaunti ya WhatsApp ya wifi yako inakuomba pesa kwa haraka, ni kirusi kile kile cha mwaka 2000, ila kimebadilisha nguo.

SEHEMU YA 4: Kamera zenye ufunguo wa kiwandani, 2016

Hapa nitapita haraka, ila mwenye kamera ya kumwangalia mtoto au intaneti ya ruta nyumbani asiruke.

Ruta ni kile kiboksi chenye taa kinachosambaza Wi-Fi. Ruta na kamera hutoka kiwandani zikiwa na jina na nywila za kuanzia, na mara nyingi ni zile zile kwa maelfu ya vifaa. Ni kama fundi kujenga nyumba elfu moja, zote kwa kufuli moja na ufunguo mmoja.

Mwaka 2016 vijana wa Marekani walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Ilizunguka mtandaoni ikijaribu orodha fupi ya nywila hizo za kiwandani, kadhaa tu. Ilitosha kukamata maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa hivyo likaishambulia kampuni moja inayosaidia mitandao kupatikana, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na nyingine.

Na unajua waliianzia wapi? Kwenye ugomvi wa biashara ya seva za Minecraft, mchezo wa kompyuta wanaoupenda sana watoto. Vijana watatu walikiri mahakamani mwaka 2017.

Wenye zile kamera hawakugundua kitu, maana ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Sisi watu wa afya tunamfahamu mtu wa namna hiyo: amebeba maambukizi, haumwi, na anaambukiza wengine.

Mwizi aliingilia wapi? Kwenye ufunguo ambao hatukuambiwa tuubadilishe.

SEHEMU YA 5: Siku hospitali ziliporudi kwenye kalamu, 2017

Kisa hiki nikikisoma mwili unasisimka, maana najionea mwenyewe zamu ilivyokuwa.

Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Kwenye hospitali za Uingereza kompyuta zikaanza kuonyesha maandishi: mafaili yako yamefungwa, lipa Dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Kirusi kiliitwa WannaCry. Wauguzi na madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Majibu ya vipimo hayafunguki. Hospitali tano zikalazimika kuelekeza magari ya wagonjwa wa dharura kwingine. Ukaguzi wa serikali yao ulionyesha kuwa taasisi 80 kati ya 236 zinazosimamia hospitali za umma England ziliathirika, na ikakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa.

Waliofutiwa miadi ni watu kama wewe. Kuna mama aliyesubiri miezi kwa upasuaji wa mtoto wake, akafika, akaambiwa arudi nyumbani.

Hiki kirusi hakikuhitaji mtu kubonyeza kitu. Kilitembea chenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia tundu kwenye programu ya Windows. Tundu lenyewe lilikuwa linajulikana, na Microsoft walishatoa kiraka mwezi Machi, miezi miwili kabla! Chanjo ilikuwepo. Kuna ambao hawakuwa wamechanjwa.

Kiliposimama, kilisimamishwa na kijana wa Kiingereza wa miaka 22, Marcus Hutchins. Alipokichambua aliona kinaulizia anwani fulani ya mtandaoni ambayo haikuwa ya mtu. Akaisajili kwa pesa kidogo, na kirusi kilipoona anwani ipo, kikaacha kuenea. Baadaye Uingereza na Marekani zilisema waliokitengeneza ni Korea Kaskazini.

Mwizi aliingilia wapi? Kwenye ukuta wenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwepo na hakikubandikwa. Mama, ule ujumbe wa kusasisha simu unaouahirisha kila siku, "nikumbushe kesho, nikumbushe kesho", ndiyo kadi ya kliniki ya simu yako. Ukipata Wi-Fi ya bure au bando la usiku, sasisha.

SEHEMU YA 6: Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu familia nyingi hazikupitia kompyuta ya mezani kabisa. Tuliruka, tukaanzia kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008, na simu ikageuka pochi. Na wezi, ambao hawajawahi kukosa akili, wakagundua kwamba kwetu hawahitaji kirusi wala disketi. Ujumbe mfupi unatosha: "Ile pesa tuma kwenye namba hii."

Maneno sita tu. Hayana jina la mtu wala kiasi cha pesa. Mwizi anautuma kwa watu wengi akijua kwamba siku hiyo, mahali fulani, yupo mtu anayedaiwa kweli na alikuwa karibu kutuma. Ni hesabu ile ile ya disketi 20,000.

Serikali nayo ikafuata nyuma. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Imesaidia, lakini wezi bado wapo, na sasa wanapiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, au mwalimu, au hata nesi.

Hilo la nesi naomba mnisikilize vizuri. Akikupigia mtu akasema mtoto wako ameanguka, yupo kwa daktari, tuma pesa kwenye namba hii ndipo atibiwe: kata simu. Kisha mpigie mwalimu wake kwa namba uliyokuwa nayo wewe, au mtu aliye karibu na shule. Mtoto akiletwa na hali mbaya tunaanza kumhudumia, na malipo ya hospitali hayaendi kwenye namba ya simu ya nesi wala daktari. Hospitali ya serikali inakupa kumbukumbu namba ya malipo, na unapata risiti. Anayetaka pesa kwenye namba yake binafsi, hata kama anataja jina la mtoto na shule yake, hayo majina ameyapata mahali. Pengine ni kwenye ile picha ya mahafali tuliyoiweka wenyewe mtandaoni, sare na jina la shule vikionekana.

SEHEMU YA 7: Kunawa mikono

Ukiangalia visa vyote, wezi waliotumia chambo walichagua kitu tunachokijali: ugonjwa, mapenzi, mtoto. Hawakumtafuta mjinga. Walimtafuta mtu mwenye moyo, kisha wakamharakisha. Waliopita bila chambo walipita kwenye kufuli na tundu ambavyo hakuna aliyetufundisha kuviangalia.

Kwa hiyo huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Mtu hahitaji kusomea vijidudu ili anawe mikono. Tabia hizi chache zinatosha kuanzia:

1. Haraka ni dalili. Ujumbe ukikuambia "sasa hivi, la sivyo", weka simu chini, kunywa maji, kisha mpigie mhusika kwa namba unayoijua wewe, usitumie ile waliyokupa.
2. Namba za uthibitisho hazitajwi. Zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe ni ufunguo wa nyumba yako. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayekuomba, wala rafiki "aliyezituma kwako kwa bahati mbaya". Kwenye WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili leo hii.
3. Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta na kamera. Kama hujui, mwambie aliyekufungia akuonyeshe mbele yako.
4. Sasisha simu. Programu chukua kwenye duka rasmi la simu yako, usichukue kwenye kiungo cha kundi la WhatsApp.
5. Picha za watoto ziwe sehemu mbili. Simu ikiibiwa au ikiharibika, ulie kwa ajili ya simu tu.
6. Kwa Tanzania: piga \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na namba ya tapeli iripoti kupitia 15040.

La mwisho ndilo lililonifanya niwaombe mwanzoni tusichekane. Anayejua kwamba atachekwa, hasemi. Bibi akitapeliwa pesa ya kikoba, anakaa nayo moyoni siku tatu, na katika siku hizo tatu mwizi yule yule anawapigia wanakikoba wenzake. Akisema dakika ile ile, mtandao wa simu unaweza kupigiwa, pesa pengine ikazuiwa, na wengine wakaonywa. Ni kama mgonjwa anayeficha kikohozi kwa aibu: nyumba nzima inaugua.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kulala, waambie wa nyumbani kwako, mume, watoto, dada wa kazi, bibi kijijini: "Ukibonyeza kitu kibaya, au ukituma pesa ukashtuka, niambie hapo hapo. Sitakugombeza." Kisha litimize. Siku akija na sauti ya kutetemeka, usimgombeze kweli.

Msambazie mama mmoja ambaye hayupo hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye mada zetu: kukohoa usiku kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, lini usubiri na lini ukimbie hospitali.